Neno na Ukombozi: Sarah Maldoror na Filamu za Uhuru wa Angola

Utangulizi

Watafiti wa fasihi katika vyuo vyetu wamekwisha kuandika mengi kuhusu ushairi, riwaya na tamthilia za kupigania uhuru. Filamu za harakati hizo hazijapata bahati hiyo. Yamkini sababu yake ni kwamba filamu huhesabiwa kuwa sanaa ya macho, na mwanafunzi wa lugha hujionea kwamba haimhusu. Makala haya yanakusudia kuupinga mtazamo huo kwa kuchunguza kazi za Sarah Maldoror (1929-2020), mwelekezi aliyeitumia kamera kuupigania uhuru wa Angola. Hoja yetu ni kwamba katika filamu zake ugomvi kati ya mkoloni na mtawaliwa huwa, tangu mwanzo hadi mwisho, ugomvi juu ya neno: ni nani anayelielewa, ni nani anayelazimishwa kulitamka, na hatimaye linamfikia nani. Ikiwa hoja hii ina ukweli, basi kazi za Maldoror zinatuhusu sisi walimu wa lugha kabla ya kumhusu mtu mwingine yeyote.

Lugha katika Angola ya Wareno

Hatuwezi kuzielewa filamu hizi bila kukumbuka jinsi Ureno ulivyozitazama lugha za Angola. Mnamo Desemba 1921 Norton de Matos, aliyekuwa Kamishna Mkuu wa koloni hilo, alitoa amri iliyokataza lugha za wenyeji zisifundishwe katika shule za misheni. Kimbundu, Kikongo, Kiumbundu na nyinginezo ziliruhusiwa katika mafundisho ya dini tu, tena kwa muda, mpaka Kireno kizoeleke. Baadaye sheria iliwagawa Waafrika katika makundi mawili, wenyeji na wale waliohesabiwa kuwa wamekwisha kustaarabika. Mojawapo ya masharti ya kuingia katika kundi la pili lilikuwa kukimudu Kireno. Waliovuka kizingiti hicho walikuwa wachache mno. Wengine wote walibaki chini ya sheria za kazi ya shuruti, wakapelekwa kwa mikataba wasiyoweza kuisoma katika mashamba ya kahawa, barabara na machimbo. Mgawanyo huo ulifutwa mwaka wa 1961, vita vilipokuwa vimekwisha kuanza.

Matokeo ya siasa hiyo hayakuwa yale yaliyotarajiwa. Katika mitaa ya makabwela ya Luanda, inayoitwa musseque, watu walikichukua Kireno wakakitia maneno, sauti na mantiki ya Kimbundu. Mkoloni alidhani kwamba amewanyang'anya watu lugha yao. Kumbe walikuwa wakimnyang'anya yake.

Jambo hili si geni kwetu. Wanaisimu wengi hulitoa neno letu gereza katika neno la Kireno igreja, maana yake kanisa. Mreno aliijenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka wa 1593, akawa na kanisa ndani ya kuta zake. Mswahili alilichukua neno, akaliita kwalo jengo lile la kuta nene na mizinga, kisha akaliita kwalo kila mahali watu wanapofungiwa. Hakuna mwanahistoria aliyeandika hukumu fupi zaidi juu ya utawala ule. Tulikumbuke neno hili, kwa kuwa filamu ya kwanza ya Maldoror inatokea gerezani na kisa chake ni cha namna hiyo hiyo.

Safari ya msanii

Sarah Maldoror hakuzaliwa Angola. Alizaliwa kusini-magharibi mwa Ufaransa, na baba yake alikuwa mtu wa Guadeloupe. Jina lake la ukoo lilikuwa Ducados. Jina Maldoror alijichagulia mwenyewe kutoka kitabu cha mshairi Lautréamont. Mnamo 1956 alishirikiana na wenzake jijini Paris kuanzisha kikundi cha maigizo cha Les Griots, wakiwa wamechoka kupewa sehemu za watumishi na vijakazi jukwaani. Mwaka wa 1959 kikundi hicho ndicho kilichoigiza tamthilia ya Jean Genet iitwayo Les Nègres, chini ya uelekezi wa Roger Blin.

Katika Paris ile ile alikutana na Mário Pinto de Andrade, Mwangola aliyekuwa amesomea taaluma ya lugha huko Lisbon. Mwaka wa 1953 Andrade alikuwa ametoa, pamoja na Francisco José Tenreiro, mkusanyiko wa mashairi ya watu weusi yaliyoandikwa kwa Kireno. Alitunga pia kwa Kimbundu. Ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa chama cha MPLA, hadi Agostinho Neto aliposhika nafasi hiyo mwaka wa 1962. Maldoror na Andrade waliishi pamoja wakapata mabinti wawili.

Miaka ya 1961 na 1962 Maldoror alikwenda Moscow kujifunza utengenezaji wa filamu kwa Mark Donskoy. Huko alikutana na Ousmane Sembène wa Senegal, naye akiwa mwanafunzi. Kutoka Moscow alihamia Moroko, kisha Algiers, mji ambao baada ya uhuru wa Algeria ulikuwa makao ya wapigania uhuru wengi, kama ulivyokuwa mji wa Dar es Salaam upande wetu wa bara. Alikuwa miongoni mwa wasaidizi wa Gillo Pontecorvo katika filamu ya vita vya Algiers iliyotoka mwaka wa 1966. Baada ya hapo aliishika kamera kwa niaba yake mwenyewe.

Tunayaeleza haya kwa sababu moja. Maldoror alikuwa mwanamke wa Kifaransa kwa lugha, wa Karibi kwa asili na wa Angola kwa kuchagua. Hakuwa na Kimbundu cha kunyonya kwa mama. Je, mtu wa namna hiyo aweza kulisemea taifa ambalo lugha yake si yake? Swali hili tutalirudia.

Neno lisiloeleweka: Monangambée

Filamu yake ya kwanza, Monangambée, ni fupi. Aliitengeneza Algiers mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwatumia watu ambao wengi wao hawakuwa waigizaji wa kazi. Kisa alikitoa katika hadithi ya José Luandino Vieira, mwandishi aliyezaliwa Ureno akalelewa katika musseque za Luanda. Wakati filamu inatengenezwa, mwandishi huyo alikuwa kifungoni Tarrafal, katika visiwa vya Cape Verde. Jina la filamu ni la Kimbundu, na msikilizaji Mswahili hahitaji kamusi kubwa ili kuliingia: mona ni mwana, na ngamba ni mpagazi. Ndilo jina walilopewa watu waliopelekwa kazini kwa mikataba.

Mwanamke anamtembelea mumewe gerezani. Wanapoagana anamwahidi kwamba safari ijayo atamletea fato completo. Askari analisikia neno hilo. Katika Kireno cha Lisbon, maana yake ni suti kamili. Wakubwa wa gereza wanajiuliza: mfungwa maskini anataka suti ya nini? Lazima kuna barua iliyoshonwa ndani yake, au hila ya kutoroka. Mfungwa anahojiwa na kupigwa ili aifichue siri hiyo. Kumbe katika Kireno cha mitaani Luanda fato completo ni mlo wa samaki na maharagwe. Mwanamke aliahidi kumletea mumewe chakula.

Mtu anateswa kwa ajili ya siri isiyokuwapo. Waama, siri ya mtungi aijuaye kata. Ni vyema tuangalie kwamba neno lenyewe si la Kimbundu. Mtesaji na mteswa wote wawili wanalijua. Mtesaji anaisikia lugha ya mama yake mzazi, na bado haelewi kinachosemwa, kwa kuwa hajapata hata siku moja kuketi kula pamoja na watu anaowatawala. Maana ya neno ilihamia jikoni, na jikoni hakuingia. Mwanaisimu angeliita tukio hili upanuzi wa maana, akaendelea na ukurasa unaofuata. Maldoror anatuonyesha kwamba pengo kati ya maana mbili za neno moja laweza kujaa damu ya mtu.

Neno lililonyimwa: Sambizanga

Filamu ya pili tutakayoichunguza ndiyo iliyompa Maldoror jina. Sambizanga ilitokana na riwaya ya Luandino Vieira juu ya maisha ya kweli ya Domingos Xavier, iliyoandikwa mwaka wa 1961. Mchezo wa filamu uliandikwa na Mário de Andrade pamoja na Maurice Pons. Ilipigwa picha Kongo-Brazzaville, kwa maana Angola ilikuwa bado mikononi mwa Wareno, na wengi wa waigizaji walikuwa watu wa harakati. Maria, mhusika mkuu wa kike, aliigizwa na Elisa Andrade, mwanauchumi wa Cape Verde. Mwaka wa 1972 filamu ilipata tuzo ya Tanit ya Dhahabu katika tamasha la Carthage nchini Tunisia.

Domingos ni dereva wa trekta. Usiku mmoja polisi wanamkamata mbele ya mkewe na mtoto wao mchanga, wanamtupa garini na kumpeleka Luanda. Hapo filamu inagawanyika katika safari tatu, na kila safari ni safari ya neno.

Safari ya kwanza ni ya wahojaji. Wanataka jina moja tu, jina la Mzungu anayeshirikiana na wanaharakati. Domingos analijua. Wanampiga, naye hasemi. Wanarudia swali, naye hasemi. Anakufa jina likiwa limebaki ndani yake. Serikali yenye jeshi, magari na majela imeshindwa kumtoa mtu mmoja neno moja.

Safari ya pili ni ya Maria. Anambeba mtoto mgongoni, anakwenda kwa miguu na kwa basi, akiuliza mume wake yuko wapi. Ofisi moja inampeleka nyingine. Kila anapofika anaambiwa kwamba hayupo, au hajulikani, au aulize kwingine. Maldoror haiharakishi safari hii. Kamera inamfuata mama huyu barabarani kwa muda mrefu, mpaka mtazamaji aanze kuuhisi uzito wa mtoto. Swali la Maria ni rahisi kuliko maswali yote yanayoweza kuulizwa, na dola nzima haina jibu inaloweza kulitamka. Anapofika mwisho anaambiwa kwamba amechelewa. Mumewe amekwisha kufa.

Safari ya tatu haina kelele. Mtoto na mzee mmoja wanaona mfungwa mgeni akishushwa gerezani. Hawamjui ni nani. Wanapeleka habari kwa kijana, kijana kwa mwingine, hadi habari inamfikia fundi cherehani Mussunda, ambaye ni kiongozi wa siri katika mtaa wake na pia mwalimu wake wa siasa. Kila mmoja anaongeza kipande anachokijua, mpaka mfungwa asiye na jina anapata jina, kazi na kwao. Mwishoni Mussunda anasimamisha muziki katika dansi ya vijana, anatangaza kifo cha Domingos, na kuwaambia kwamba maisha yake ya kweli ndiyo kwanza yanaanza. Ndipo tunapotajiwa siku ya 4 Februari 1961, siku yalipovamiwa magereza ya Luanda, ambayo MPLA waliihesabu kuwa mwanzo wa vita vya ukombozi.

Tukizilinganisha safari hizi tatu tunaiona nadharia nzima ya msanii. Neno linalotafutwa kwa mijeledi halipatikani. Neno linaloombwa kwa adabu katika afisi za mkoloni halijibiwi. Neno linalopokezanwa na watu wanaoaminiana, mtoto kwa mzee na mzee kwa kijana, linafika. Sisi tunaofundisha fasihi simulizi tumezoea kuieleza kama hazina ya zamani: ngano, vitendawili na nyimbo za jando. Maldoror anaionyesha ikiwa kazini. Njia ile ile iliyopitisha ngano ndiyo iliyopitisha habari za mfungwa, na chama cha ukombozi kilisimama juu ya njia hiyo.

Filamu iliyopotea

Haki inatutaka tutaje pia kazi ambayo haikutufikia. Mnamo 1970, kati ya filamu mbili tulizozieleza, Maldoror aliingia Guinea-Bissau pamoja na wapiganaji wa PAIGC, akapiga picha za filamu iitwayo Des fusils pour Banta, yaani bunduki kwa ajili ya Banta. Mhusika wake mkuu alikuwa Awa, mwanamke wa kijijini anayeingia katika harakati na kufa. Fedha zilitoka jeshi la Algeria. Wakati wa kuhariri, msanii na wakubwa hao hawakuafikiana. Filamu ilizuiliwa, naye akafukuzwa nchini. Haijaonekana tena. Mwaka wa 2011 msanii Mathieu Kleyebe Abonnenc alijaribu kuikumbusha dunia juu yake kwa kutumia picha za mnato zilizosalia na kumbukumbu za Maldoror mwenyewe.

Funzo lake ni chungu. Waliomnyang'anya Maldoror neno lake hawakuwa Wareno. Walikuwa dola huru la Kiafrika lililosaidia harakati za bara zima kwa mali na kwa silaha. Anayelipia neno hutaka kulimiliki, hata akiwa ndugu.

Hoja za wahakiki

Baadhi ya wahakiki wa Sambizanga walilalamika kwamba filamu ni nzuri mno. Rangi zake zinapendeza, mwigizaji wake mkuu ana sura ya kuvutia, na vita vyenyewe havionekani. Walitaka bunduki, wakapewa mwanamke anayetembea. Hatukubaliani nao. Bunduki zingetuonyesha jinsi vita vilivyopiganwa. Safari ya Maria inatuonyesha kwa nini mtu asiyejua lolote juu ya siasa anafikia kuvikubali vita. Mwanzoni Maria hajui mumewe anashughulika na nini. Mwishoni anajua. Ujuzi huo hakuupata katika mkutano, aliupata katika milango ya afisi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ile tuliyoiahirisha: ugeni wa msanii. Twaweza kujibu kwamba Maldoror hakujifanya mwenyeji. Aliziegemea hadithi za mtu aliyekulia musseque, mchezo ulioandikwa na Mwangola mjuzi wa lugha, na midomo ya watu wa harakati wenyewe. Katika Sambizanga husikika Kireno, Kimbundu na Lingala. Lingala si lugha ya Luanda. Imo kwa sababu filamu ilitengenezwa uhamishoni, na kwa hiyo sikio linatuambia jambo ambalo jicho linalificha: kwamba watu hawa wanaigiza nchi ambayo bado hawawezi kuikanyaga.

Mwandishi wa makala haya aliiona Sambizanga kwa mara ya kwanza akiwa masomoni ng'ambo. Mjadala ulipofunguliwa darasani ilibainika kwamba wanafunzi wengi walidhani wahusika wote wanasema lugha moja, kwa kuwa maandishi ya tafsiri yaliyo chini ya picha yalikuwa ya lugha moja. Pale mtu alipobadilisha lugha kwa hofu, kwa mapenzi au kwa ujanja, wao hawakusikia mabadiliko yoyote. Mimi mwenyewe sikujua Kimbundu, lakini nilikuwa na mwana na mtu, na ule mtima wa washairi wetu wa kale, unaofanana na muxima, moyo wa Kimbundu. Vipande hivyo vilinitosha kujua kwamba mlango umefunguliwa na kufungwa. Hapo ndipo nilipotambua kwamba wenzangu na mimi tulikuwa tumekaa upande wa askari wa Monangambée kwa viwango tofauti: tumeambiwa neno, tukapewa maana iliyo karibu, tukaridhika.

Hitimisho

Utawala wa Kireno ulipinduliwa Lisbon tarehe 25 Aprili 1974, na Angola ikapata uhuru wake tarehe 11 Novemba 1975. Mário de Andrade alikuwa amekwisha kukosana na uongozi wa chama alichosaidia kukiunda. Hakukaa Angola huru. Alitumikia serikali ya Guinea-Bissau katika mambo ya habari na utamaduni, na akafariki London mwaka wa 1990. Maldoror aliishi Saint-Denis, kando ya Paris. Alitengeneza filamu za kweli kuhusu Cape Verde na Guinea-Bissau, na kuhusu washairi Aimé Césaire na Léon Damas. Mojawapo ya zile za Césaire, iliyotoka mwaka wa 1987, aliipa jina lenye maana ya barakoa ya maneno. Alifariki Aprili 2020 kwa ugonjwa wa Uviko. Mwaka uliofuata nakala iliyokarabatiwa ya Sambizanga ilianza kuonyeshwa.

Nchi aliyoipigania haikumpa makao, na filamu moja katika zake ilimezwa na marafiki. Hata hivyo mambo mawili aliyoyaonyesha yamebaki. La kwanza ni kwamba ukoloni ulikuwa, pamoja na mengineyo, hali ya kutosikia, na kwamba watu walijificha na kujihifadhi ndani ya maana ambazo mtawala hakuona haja ya kujifunza. La pili ni kwamba uhuru ulipita kwanza mdomoni na sikioni kabla ya kufika mkononi.

Basi pendekezo letu ni dogo na la vitendo. Idara zetu zinazofundisha riwaya za ukombozi zifundishe na filamu za ukombozi, na zifundishe kwa masikio. Mwanafunzi aulizwe ni nani anasema lugha gani, na nani, na kwa nini anaibadilisha hapo. Halafu zitafsiriwe kwa Kiswahili, zikianza na hii ya Sambizanga, na mfasiri aitofautishe sauti ya Kimbundu na ile ya Kireno. Lugha iliyoweza kuligeuza kanisa la Mreno kuwa gereza haitashindwa na kazi hiyo.